Maswali Yenu ya Pikipiki: Siti ya Safari Ndefu

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, barua za siti zimekuwa nyingi mezani, na sababu yake haijifichi. Zamani mtu wa Geita au Bukoba alishuka kivukoni atake asitake. Alisubiri foleni, akanunua hindi la kuchoma, akanyoosha mgongo. Leo anazivuka kilomita 3 za daraja kwa dakika chache, na makalio yaliyotoka Mwanza yanafika Sengerema hayajapumzika hata mara moja. Kivuko kilikuwa kinaficha ubaya wa siti nyingi.

Haya hapa ya mwezi huu. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Shikamooni wakubwa. Nina Boxer 150. Siti ya kiwandani niliona ngumu, nikampelekea fundi wa makochi akaniongezea sponji inchi mbili, laini kama godoro la wageni. Mjini raha tupu. Ila nikienda Musoma, kufika Magu nimeshaanza kujisogezasogeza, Lamadi nakalia upande mmoja, Bunda nasimama kabisa. Fundi anasema tuongeze inchi nyingine. Niongeze? — Msomaji, Igoma

Marahaba. Usiongeze. Hizo mbili alizoweka, mwambie azitoe.

Kalia jiwe, halafu penyeza viganja chini ya makalio. Utagusa mifupa miwili iliyochomoza kama vifundo. Uzito wako wote wa juu unashukia hapo. Sponji laini haina nguvu ya kuibeba mifupa hiyo, kwa hiyo inazama taratibu mpaka inakutana na plastiki ya chini ya siti. Dakika kumi za kwanza husikii kitu, kwa sababu sponji bado ina hewa. Baada ya saa moja imepata joto la mwili, imelala, na nyama iliyobanwa kati ya mfupa na plastiki haipati damu ya kutosha. Ule moto unaousikia Lamadi ndio huo. Ukiongeza inchi ya tatu ya sponji ileile, maumivu yatasogea kutoka Lamadi hadi Bunda, basi. Na pikipiki itakuwa imepanda juu, siti inayumba kwenye kona.

Siti ya safari inatakiwa uikute ngumu kidogo unapoipanda dukani, na bado uwe unaisikia ni ileile saa tatu baadaye. Ndiyo maana kujaribu siti kwa kuikalia dukani dakika mbili kunawadanganya watu wengi: dakika mbili daima hushinda iliyo laini.

Sasa sponji ipi? Wauza sponji hutaja ubora kwa namba ya uzito, yaani kilo ngapi katika mita moja ya ujazo. Sponji za magodoro mepesi huwa kwenye ishirini na kitu, na hizo hazifai hapa hata zikiwa nene. Kwa siti tafuta kuanzia 50. Tabaka la chini linaweza kuwa la ile sponji ya vipande vya rangi mchanganyiko vilivyogandishwa pamoja, ambayo mara nyingi ni 80 na zaidi. Namba ya uzito si kipimo cha ugumu moja kwa moja, lakini sponji nyepesi hulala haraka, hata kama leo unaisikia ngumu.

Na muuzaji akikuambia "hii ni hamsini, chukua", usibishane naye. Omba kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10, kipeleke kwenye mzani mdogo wa gramu, wa muuza viungo au wa sonara. Uzito wake kwa gramu ndiyo namba yenyewe: gramu 50 ni sponji ya 50, gramu 22 ni godoro. Hesabu haina ujanja, kwa sababu mchemraba huo ni sehemu moja ya elfu ya mita ya ujazo, na gramu ni sehemu moja ya elfu ya kilo.

Kingine ni upana. Weka kipande cha boksi la katoni kwenye stuli ngumu, kikalie dakika mbili ukiwa umeinama kidogo kama unaendesha, kisha inuka. Utaona vishimo viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Kwa watu wengi ni kati ya sentimita 10 na 15, na wanawake kwa kawaida huwa na upana zaidi. Siti yako pale unapokaa iwe na sehemu bapa inayozidi kipimo hicho kwa sentimita 3 hivi kila upande. Boxer ina upana wa kutosha nyuma. Tatizo ni kwamba ukishaongeza sponji laini unateleza mbele kwenye wembamba, karibu na tangi.

Halafu kuna jambo ambalo si la siti kabisa. Pikipiki iliyowahi kubeba abiria na magunia huwa shokapu zake za nyuma zimekazwa hadi ngazi ya mwisho. Ukisafiri peke yako, kila rasta na kila tuta linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Zungusha ringi yenye ngazi kwenye shokapu zote mbili, zirudi ngazi ya kwanza au ya pili, zilingane kushoto na kulia. Upepo wa tairi la nyuma uwe kama kitabu cha pikipiki kinavyosema kwa mtu mmoja, siyo ule wa kubeba mzigo. Fanya hivi kabla hujatumia hata shilingi kwa fundi. Wapo ambao hawatahitaji kumwona tena.

Natarajia kwenda Bukoba na TVS HLX 125. Hapa jirani kuna fundi makochi hodari lakini hajawahi kushika siti ya pikipiki. Nimpe maelekezo gani ili asiniharibie? — Msomaji, Nyegezi

Fundi makochi mzuri anatosha, mradi umwambie mapema kwamba kochi hukaliwa na mtu aliyeegemea, na pikipiki hukaliwa na mtu anayerushwarushwa. Kazi yenyewe ianzie kwako wala si kwake.

Weka pikipiki kwenye stendi ya kati. Vaa suruali na viatu vya safari, kaa, mikono kwenye usukani, miguu kwenye vikanyagio, fumba macho, acha mwili uchague mahali pake. Mwenzako apige chaki ubavuni mwa siti, mwanzo na mwisho wa makalio. Kazi yote itafanyika kati ya chaki hizo mbili, siyo katikati ya siti wala pale fundi anapokadiria kwa jicho.

Fungua siti, kwa kawaida ni nati mbili na spana namba 10 au 12. Igeuze, ng'oa pini kwa bisibisi bapa na koleo, moja moja, bila kuchana kava, kwani hilo kava la zamani ndilo litakuwa ramani ya kukatia jipya. Kagua plastiki ya chini. Ikiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, itaendelea kupasuka ukipita kwenye matuta. Toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, funika kwa bati la alumini la milimita 2 na riveti. Kagua pia mipira midogo inayokaa kati ya siti na fremu. Ikiwa imekauka au haipo, mtetemo wote wa injini unapanda kwenye siti. Kata mipya kutoka mpira mnene wa madigadi.

Sasa sponji. Kati ya chaki, kata shimo la upana wa siti na urefu wa kama sentimita 30, lishuke sentimita 4, lakini chini yake ibaki sponji ya kiwandani isiyopungua sentimita 2. Kisu cha mkate chenye meno hukata safi kuliko wembe. Jaza shimo kwa sentimita 3 za ile sponji ya vipande, juu yake sentimita 2 za sponji ya 50 au zaidi. Mwisho tandaza tabaka moja la sponji laini la sentimita 1 juu ya siti nzima, kutoka tangini hadi kwa abiria. Kazi ya tabaka hilo ni kuficha maungio. Faraja haitoki hapo, kwa hiyo fundi asilizidishe. Siti itakuwa imepanda sentimita 2 hivi.

Gundi ni ile ya mafundi viatu. Ipakwe nyembamba pande zote mbili, isubiriwe dakika tano hadi kumi mpaka ukigusa kwa kidole haivuti nyuzi, ndipo vipande vibandikwe na kukandamizwa. Ikipakwa nene hukauka ikawa kama ubavu wa mbao, na utausikia ukifika Geita. Supa gundi isikaribie kabisa. Acha kazi saa 24.

Kuchonga ni kwa msasa mkavu, namba 40 hadi 60, uliozungushiwa kipande cha mbao. Sugua upande mmoja tu, usirudi nyuma, la sivyo sponji inachimbika. Kingo za mbele, zinapopita mapaja, zizungushwe ziwe duara. Ukisikia maumivu ya kifandugu katika safari, mwambie achonge mfereji katikati kwa nyuma, upana sentimita 4 au 5, kina sentimita 2.

Hapa ndipo wengi huharakisha: usishone kava bado. Zungushia siti nailoni, bana kwa selotepu, ifunge kwenye pikipiki, nenda Magu urudi. Ukirudi utajua palipozidi na palipopungua, na kusahihisha kwa msasa ni kazi ya robo saa. Kava likishashonwa, kusahihisha ni kuanza upya.

Kava liwe rekseni inayovutika pande zote, ile yenye kitambaa cha kunyumbuka mgongoni. Rekseni ya makochi isiyovutika hulazimisha mikunjo mingi na mishono mingi. Mshono wowote usipite chini ya mifupa miwili ya kukalia. Upite mbele ya mapaja au nyuma kwa abiria. Rekseni ianikwe juani kwanza, jua la Mwanza la saa sita litailainisha bure. Pini ziwe za milimita 6, zisizoshika kutu. Ndefu zaidi zinatoboa plastiki na kutokeza upande wa pili. Anza na mbele, kisha nyuma, kisha katikati ya kila upande, kona ziwe za mwisho, pini kila baada ya sentimita 2.

Mafundi makochi wengi hujivunia kuvuta kava mpaka lipige mlio. Mkataze. Kava lililowambwa kama ngozi ya ngoma linakubeba lenyewe, sponji yote uliyonunua inabaki chini haina kazi. Ukikandamiza kwa kidole gumba, kava liingie pamoja na sponji na lirudi bila kuacha kunyanzi.

Habari za kazi. Nina Honda XL 125 ya kuzungukia vijiji. Siti inanisukuma mbele hadi kwenye tangi, na baada ya saa moja na nusu napata ganzi sehemu ambazo naona aibu kumtajia fundi. Urefu wangu ni sentimita 158, miguu inafika chini kwa ncha za vidole. Nikiipunguza siti si itakuwa ngumu zaidi? — Msomaji wa kike, Sengerema

Nzuri. Wanaume nao wanapata ganzi hiyohiyo, hawasemi tu. Siti inayoinamia mbele inakuondoa kwenye mifupa ya kukalia na kukulaza kwenye nyama laini ya katikati, yenye mishipa ya fahamu isiyotaka kubanwa. Mikono nayo inaanza kusukuma usukani ili usiteleze zaidi, ndiyo maana viganja huuma siku hiyohiyo.

Pima mteremko ukiwa umekaa, si pikipiki ikiwa tupu, maana uzito wako unashusha nyuma. Mwenzako aweke pimamaji ubavuni mwa siti. Kama hana, simu nyingi zina kipimo hicho. Pale unapokaa pawe sawa, au nyuma pazidi kuwa chini kidogo sana. Kama panashukia mbele, mlango wa kwanza ni kuongeza vipande vya mpira vya milimita 5 hadi 10 kwenye vikalio vya mbele chini ya siti, uone kama mdomo wa siti bado unaingia vizuri kwenye kishikio chake. Siti isiyoshika mbele inaweza kuchomoka, kwa hiyo ukiona haiingii, acha njia hiyo na umwombe fundi ajaze sponji ngumu ya sentimita 1 hadi 1.5 mbele na kuchonga sehemu bapa ya kukaa.

Na urefu? Usikate juu. Kata ubavuni. Miguu haifiki chini mara nyingi kwa sababu mapaja yanazungukia siti pana, hasa pale mbele. Akinyoa sentimita 2 kila upande, kuanzia tangini kurudi nyuma kama sentimita 15, miguu inashuka wima na unapata urefu bila kupoteza sponji ya mifupa. Viatu vyenye soli ya sentimita 2 zaidi vinamalizia kilichobaki.

Ganzi ikiendelea siku ya pili yake, au ikiambatana na shida ya haja ndogo, mwone daktari. Hilo si la fundi.

Nafanya kazi mwaloni Kirumba, pikipiki hubeba dagaa na sato. Nataka kusafiri nayo likizo lakini siti inanuka, na ikikaliwa suruali inalowa hata siku ya jua. Nibadilishe kava tu? — Msomaji, Kirumba

Kava jipya juu ya sponji hiyo ni shuka safi kwenye godoro bichi. Maji ya samaki yameingia kwenye matundu ya mshono na yamekaa ndani. Ukikalia unayakamua, ukiinuka yanarudi.

Ondoa kava lote. Toa sponji ikiwa haijagandishwa kwenye plastiki, ikamue ndani ya beseni kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, suuza, kisha loweka saa moja kwenye maji yenye siki, kikombe kimoja kwa lita 5. Suuza tena, kamua kwa kukandamiza, usiisokote kama nguo, inachanika. Ianike kivulini penye upepo siku mbili au tatu. Joto la jiko au la egzosi linaikausha juu na kuiacha mbichi katikati, kisha inaanza kumeguka. Baada ya hapo inuse ikiwa imekauka kabisa. Bado inanuka? Itupe.

Kabla ya kufunga, toboa matundu mawili ya milimita 6 kwenye plastiki, sehemu ya chini kabisa siti inapokuwa kwenye pikipiki, ili maji yanayoingia yapate pa kutokea. Mishono ya kava ipakwe silikoni kwa ndani. Ukianza tena kazi, kreti likae kwenye keria, na chini yake turubai linaloning'inia nje ya siti. Ziwa letu ni la maji baridi, chumvi haitakula pini, lakini barafu ya samaki ikitiwa chumvi, hiyo inakula, kwa hiyo pini zisizoshika kutu ni lazima kwako.

Madukani wanauza neti za siti, mito ya jeli, wengine wanafunga tyubu. Na shanga za mbao za teksi je? Kipi kinafaa? — Wasomaji kadhaa, Mwanza mjini na Magu

Neti ile nene yenye matundu kama sega la nyuki ndiyo tunayoipendekeza kwanza, kwa bei yake. Haiongezi ulaini, ila inapitisha hewa chini ya makalio, jasho linakauka na vipele havipati nafasi. Mvua ikinyesha inachuja maji. Kasoro yake ni kuteleza: mikanda yake ipite chini ya siti na ikazwe siti ikiwa imefunguliwa, siyo kufungwa juu juu.

Shanga za mbao zinachekesha watu njiani lakini zinafanya kazi kwa sababu ileile ya hewa. Kata zilingane na sehemu ya kukaa tu, funga nyuzi za mwisho mafundo mawili mawili, vinginevyo utaziacha barabarani.

Jeli inasambaza uzito vizuri mradi iwe imezama ndani ya sponji ngumu na juu yake kuna sponji ya sentimita 1. Mto wa jeli uliowekwa juu ya siti iliyokufa haufufui chochote. Pia jeli hushika joto. Ukiiegesha pikipiki juani saa sita bila kufunika siti, utakalia kikaango kwa nusu saa nzima.

Tyubu inawezekana, na kanuni yake ni ileile ya mito ya hewa inayouzwa nje. Kosa ni kwamba watu huijaza kupita kiasi. Jaza kidogo, kaa, kisha toa hewa mpaka usikie mifupa imebakiza kama sentimita 1 kugusa siti. Ikijaa inakuwa mpira, inakurusha kwenye rasta na kukuyumbisha upepo wa ubavuni ukipiga kule tambarare za Lamadi. Tyubu ya toroli ina umbo la pete, kingo zake hubana mapaja, kwa hiyo hatuisifu.

Na aliyeuliza ngozi ya kondoo: wanaosafiri mbali huko Ulaya na Marekani wanaitumia kwa sababu ya sufi yake nene, ambayo inabeba uzito na kupitisha hewa. Kondoo wetu wengi ni wa nywele fupi. Ngozi yao ni nzuri kwa ngoma.

Mama yangu ananisindikiza Bunda kila mwezi, anakaa upande kwa sababu ya kitenge, analalamika kiuno. — Msomaji, Kisesa

Mpe shikamoo zetu. Kukaa upande kunapinda kiuno na kuweka uzito kwenye mfupa mmoja; hakuna siti itakayotibu hilo, na ukifunga breki ghafla hana pa kushika. Avae suruali ndani ya kitenge na akae kama wewe, na helmeti yake. Kisha punguza chuma cha keria kinachogusa mgongo wake wa chini, au kifungie sponji ya sentimita 3 iliyovikwa rekseni. Vikanyagio vya abiria vivikwe mpira mpya. Akiwa nyuma, pandisha shokapu ngazi mbili, ukimshusha zirudishe. Wa pili nyuma yake asiwepo. Mshikaki ni kosa kisheria, na hakuna siti iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Nina BMW R 1200 GS ya 2014. Niagize siti ya Corbin au Russell kutoka Marekani, au nitafute fundi hapa? — Msomaji, Capri Point

Anza na kitu cha bure: siti ya kiwandani ya pikipiki hiyo ina nafasi mbili za urefu, milimita 850 na 870. Jaribu ya juu safari moja nzima. Magoti yakifunguka, uzito unagawanyika vizuri zaidi na mapaja yanabeba sehemu yake.

Ukiamua kuagiza, jua unachonunua. Corbin ni ngumu kwa makusudi, na ya ngozi halisi inahitaji kilomita nyingi za kuizoea kabla haijakubali umbo lako. Wengi huirudisha sokoni mapema mno. Russell hutengeneza kwa kipimo cha mtu, kwa hiyo watakuuliza uzito, urefu na picha zako ukiwa umekaa juu ya pikipiki, na watataka siti yako ya zamani waitumie kama msingi. Hapo piga hesabu ya usafiri wa kwenda na kurudi, ushuru, na miezi ambayo pikipiki itakaa haina siti. Kwa pesa hiyo, nunua siti ya pili iliyotumika, mpe fundi makochi pamoja na maelekezo tuliyompa msomaji wa Nyegezi, na ile ya kiwandani ibaki kabatini bila kuguswa.

Mwanza hadi Bukoba nisimame mara ngapi? — Msomaji, Buhongwa

Ni zaidi ya kilomita 400, na hata siti nzuri kuliko zote haikusamehei. Inuka kwenye vikanyagio sekunde kumi kila baada ya dakika 15 au 20. Kabla ya kila tuta ni wakati mzuri, mgongo nao unaokoka. Shuka kabisa, utembee dakika 10, kila baada ya saa moja na nusu hivi: Geita, Katoro, Biharamulo, Muleba. Usisubiri maumivu, yakishaanza hayatoki kwa mapumziko ya dakika 10. Kunywa maji kila unaposhuka.

Nguo ya ndani ya pamba inalowa jasho na kusugua. Vaa kaptura ya kubana ya nailoni isiyo na mshono katikati, na usivae jinzi yenye mshono mnene wa makutano ya miguu. Na pochi itoke mfuko wa nyuma. Inanyanyua kalio moja na kubana mshipa unaoshuka mguuni, na wengi wanaotuandikia kwamba siti imewapa maumivu ya mguu mmoja tu hawajataja walikoweka pochi. Iweke kwenye koti.